Chombo kwa Jina Lake: Kumsaidia Rafiki Mwenye Ulemavu Kumudu Bajaji au Gari Lililorekebishwa

Mada iliyotolewa katika mkutano wa elimu kwa mlaji, Morogoro, kuadhimisha Siku ya Haki za Mlaji Duniani, 15 Machi



Nimeombwa nizungumzie namna ya kumsaidia rafiki mwenye ulemavu apate chombo cha usafiri kilichorekebishwa kulingana na mwili wake, iwe bajaji ya kutafutia riziki au gari la kutumia nyumbani. Huenda wengi wenu mnatarajia mada hii iwe ya kuhimiza michango. Michango hatuhitaji kufundishwa. Tumelelewa tukichangia harusi, misiba na matibabu, na daftari la michango halikosekani mtaani. Jambo tusilolijua vizuri ni kununua kwa ajili ya mwingine. Watu wanaweza kutoa fedha zao kwa moyo mweupe, na yule waliyemkusudia asimiliki chochote. Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta mimi na wenzangu.

Tulikuwa marafiki wanane tuliokulia mtaa mmoja. Mwenzetu mmoja alipata polio utotoni, na miguu yake miwili haimbebi. Kwa miaka mingi alikuwa fundi viatu karibu na stendi ya Msamvu. Kila alfajiri alitoka Kihonda kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayozungushwa kwa mikono, na masika yalipoanza alikaa nyumbani siku nyingi kuliko alizofanya kazi. Ndipo sisi saba tukaazimia kumnunulia bajaji. Tulichanga kwa miezi 14, tukapata iliyotumika, tukampelekea fundi wa kuchomelea airekebishe breki, kisha tukaikabidhi kwa pilau na picha.

Ndugu zangu, siku ile tulikuwa tumekwisha kufanya makosa mawili. La kwanza lilijitokeza baada ya wiki tatu, na la pili baada ya mwaka mmoja.

Kosa la kwanza: hatukumuuliza

Bajaji nyingi tunazoziona barabarani zinaendeshwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu. Mkono wa kulia huongeza mafuta, mkono wa kushoto hushika klachi na kubadili gia, na mguu una kazi moja kubwa: kukanyaga breki. Ndiyo maana bajaji imekuwa mkombozi kwa watu wengi wasiotumia miguu. Kinachohitaji kubadilishwa ni kitu kimoja, lakini kitu hicho ndicho kinacholinda maisha ya dereva, abiria na mpita njia.

Fundi wetu aliunga kipande cha nondo kwenye pedeli ya breki, kikasimama upande wa kulia wa dereva. Mtu mwenye mikono mirefu angekifikia bila shida. Mwenzetu kiwiliwili chake ni kifupi. Kila aliposhika breki ilimlazimu ainame, na alipoinama macho yake yaliacha barabara. Katika wiki ya tatu sehemu iliyochomelewa ilipasuka. Kwa rehema za Mungu alikuwa akiingia kituoni taratibu, akagonga ukingo wa mtaro na asiumie mtu.

Tulimlaumu kwa kutotuambia mapema kwamba breki ile haimfai. Alitujibu kwa upole: “Ndugu zangu, mtoto huvishwa nguo ya sikukuu bila kupimwa, na ikimbana hushukuru vivyo hivyo. Mimi ni mtu mzima. Mngenipima.”

Hilo ndilo neno la kwanza ninalotaka mwondoke nalo. Mwenye ulemavu ndiye mlaji. Ninyi ni wasaidizi wake. Yeye ndiye ajuaye mkono upi una nguvu, anakaaje bila kuyumba, anapandaje na kushukaje, na atatumia chombo kwa kazi gani. Awepo dukani na awepo gereji, na apime mwenyewe kabla fedha haijatoka.

Mkienda kwa fundi, zingatieni mambo haya. Mkono wa breki ufikiwe mtu akiwa ameketi wima na akitazama mbele. Uungwe kwa chuma madhubuti, na pale inapowezekana kwa bolti zinazokaguliwa na kukazwa, badala ya kutegemea mshono mmoja wa kuchomelea. Breki ya kuegeshea nayo ifikike kwa mkono. Pawepo mahali maalumu pa kufungia magongo, yasije yakateleza na kuingia chini ya pedeli. Kisha chombo kijaribiwe katika uwanja wa wazi, kwanza kitupu, halafu kikiwa na uzito wa abiria, na mwishowe kwenye mteremko. Fundi akikataa majaribio hayo kabla ya kulipwa fedha yote, tafuteni fundi mwingine. Vyama vya watu wenye ulemavu, vingi vikiwa chini ya shirikisho lao la SHIVYAWATA, vina wanachama wanaoendesha vyombo vya namna hii. Mwombeni mmoja wao awaonyeshe chombo chake na awaeleze kilivyomfaa.

Kwa upande wa gari, marekebisho hutegemea mwili wa dereva. Asiyetumia miguu huhitaji gari la gia otomatiki lenye mkono wa kuendeshea mafuta na breki. Mwenye udhaifu wa mguu wa kulia pekee huweza kuwekewa pedeli ya mafuta upande wa kushoto. Anayesafirishwa akiwa ameketi katika kiti cha magurudumu huhitaji njia ya mteremko ya kupandia na mifumo miwili tofauti ya mikanda: mmoja wa kufunga kiti kwenye sakafu, mwingine wa kumfunga mtu mwenyewe. Msikubali mkanda mmoja ufanye kazi zote mbili.

Hesabu ya kweli ya gharama

Watu wengi huuliza, “Bajaji ni bei gani?” Swali lililo bora ni hili: “Hadi chombo kianze kazi, na hadi deni liishe, tutakuwa tumetoa kiasi gani?” Katika hesabu hiyo ingizeni marekebisho, uhamisho wa umiliki, bima, leseni ya udereva ya daraja linalohusika, leseni ya kubeba abiria chini ya utaratibu wa LATRA, pamoja na akiba ya matairi na matengenezo. Mkimaliza fedha yote katika kununua, chombo kitasimama uani kikisubiri bima.

Wapo wanaochukua bajaji kwa mkataba: dereva humpelekea bosi hesabu ya kila siku, na muda ukitimia chombo kinakuwa chake. Utaratibu huu umewafikisha wengi kwenye umiliki, lakini ufanyieni hesabu kwanza. Tuseme bajaji inauzwa shilingi 8,500,000 taslimu, na mkataba unadai shilingi 25,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa miezi 18. Kila mwezi ni shilingi 650,000, na mwisho wa mkataba ni shilingi 11,700,000. Tofauti ni shilingi 3,200,000. Huenda mwenzenu akaridhia kulipa tofauti hiyo kwa kuwa hana fedha taslimu, na hiyo ni haki yake. Muhimu ni kwamba airidhie akiwa anaijua.

Tena, mkataba uwe wa maandishi, nao ujibu maswali haya. Dereva akiugua, hesabu inasimama au inaendelea? Chombo kikiharibika, nani anatengeneza? Zikikosekana siku ngapi bosi anaruhusiwa kukichukua, na fedha iliyokwisha kulipwa itakuwaje? Gharama ya kurekebisha breki ni ya nani, na chombo kikirudishwa, kifaa hicho kinabaki kwa nani? Kwa mtu mwenye ulemavu maswali haya yana uzito wa pekee, kwa maana akinyang'anywa chombo kilichorekebishwa kwa mwili wake, hawezi kwenda kesho yake kuazima kingine kijiweni. Malipo yafanywe kwa simu au kwa risiti, ili kila siku iache alama.

Mikopo na udhamini

Kabla ya kukimbilia mkopo wenye riba, ulizeni halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zetu kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mahali pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu. Nendeni na mwenzenu, mpate masharti ya sasa na fomu zinazotakiwa. Msimlipe mtu yeyote anayejidai kuwa na njia ya mkato.

Mkilazimika kukopa kwa riba, msiulize asilimia peke yake, ulizeni inakokotolewaje. Mkopo wa shilingi 3,000,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, unaweza kuwa na sura mbili. Riba ikikokotolewa juu ya mkopo wote hadi mwisho, kila mwezi mtalipa riba ya shilingi 90,000, na kwa mwaka shilingi 1,080,000. Ikikokotolewa juu ya deni lililobaki, huku mkirejesha shilingi 250,000 za mkopo kila mwezi, riba ya mwaka mzima ni shilingi 585,000. Asilimia ni ileile, lakini tofauti ni shilingi 495,000, na fedha hiyo ingelipia mengi katika matengenezo. Hakikisheni pia kwamba mkopeshaji ana leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kwamba mnabaki na nakala ya mkataba.

Nanyi marafiki mnaotia saini za udhamini, mwelewe mnachokitia saini. Mdhamini si shahidi. Mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji ana haki ya kumgeukia mdhamini kwa deni zima, isipokuwa mkataba umeweka ukomo. Ikiwa uwezo wako ni shilingi 500,000, omba kiwango hicho kiandikwe. Ni heri ukatae leo kwa uwazi kuliko kuja kumkimbia rafiki yako mwakani.

Kosa la pili: jina kwenye kadi

Sasa narudi kwenye kosa letu la pili, ambalo lilitugharimu zaidi kuliko la kwanza.

Tulipokwenda kuhamisha umiliki wa bajaji, ilihitajika namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN. Mwenzetu hakuwa nayo. Mweka hazina wetu, mtu mwaminifu kabisa, alikuwa nayo. Tukasema, “Iandikwe kwa jina lake kwa sasa, tutabadilisha baadaye.” Kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake, na hiyo baadaye haikufika. Mwaka uliofuata mweka hazina akafariki dunia.

Watoto wa marehemu hawakuwa wezi. Walifungua sanduku la baba yao, wakakuta kadi ya bajaji yenye jina la baba yao. Wangejuaje zaidi ya hapo? Bajaji ikaingizwa katika orodha ya mali za mirathi, ikafunikwa turubai, ikakaa miezi saba bila kuguswa. Mwenzetu akarudi Msamvu kushona viatu. Kwa miezi hiyo saba tuliogopa kumtazama usoni, kwa kuwa tulikuwa tumemtangazia mtaa mzima kwamba bajaji ni yake, naye alikuwa ameiuza baiskeli ya magurudumu matatu ili alipie leseni ya udereva.

Kilichotuokoa ni daftari. Katibu wetu alikuwa ameandika kila mchango, tarehe na saini, na juu ya ukurasa wa kwanza aliandika kusudi la fedha na jina la mwenzetu. Msimamizi wa mirathi aliposoma daftari lile na kuona kumbukumbu za malipo katika simu zetu, aliwaita warithi wote, wakakubaliana, na umiliki ukahamishwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu ilikuwa na daftari, nayo ikarudi. Lakini warithi wangekataa, tungeanza safari ndefu ya mahakamani, na mwisho wake hakuna aliyeujua.

Kwa hiyo neno la pili la mada hii ni hili: mchango hununua chombo, lakini karatasi ndizo zinazothibitisha kina mwenyewe. Kabla ya kukusanya shilingi ya kwanza, mpelekeni mwenzenu akapate kitambulisho cha Taifa kama hana, kisha TIN. Mkataba wa mauziano, risiti, kadi ya usajili na bima viwe na jina lake. Kama michango ni zawadi, andikeni kwamba ni zawadi. Kama ni mkopo wa marafiki, andikeni kiasi na tarehe za kurejesha. Kuandika hakuondoi upendo. Huulinda siku ambayo mmoja wetu hayupo.

Kuhusu bima, mwelezeni wakala kwa maandishi kwamba chombo kimerekebishwa, na mkitaje kilichobadilishwa. Msisubiri ajali ndipo kampuni ya bima ijue.

Gari linaloagizwa nje na msamaha wa ushuru

Kwa wanaofikiria gari kutoka nje ya nchi, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tano, inatoa msamaha wa ushuru wa forodha kwa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa matumizi ya watu wenye ulemavu, likiwemo gari moja. Kwa gari, mwombaji asiwe amepata msamaha kama huo katika miaka minne iliyotangulia. Angalieni mambo mawili. Gari liwe limetengenezwa mahususi kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu; ulemavu wa mnunuzi peke yake hautoshi. Tena, ushuru wa forodha ni tozo moja miongoni mwa kadhaa, hivyo waulizeni TRA kuhusu kila kodi kwa jina lake. Ulizeni kabla ya kuagiza, kwa sababu gari likishafika bandarini gharama za kuhifadhi huongezeka kila siku.

Hapa nina onyo kwa ndugu zetu wenye ulemavu. Wapo watu watakaokujia kwa maneno matamu wakisema, “Kaka, nipe jina lako tu, gari ni langu, nitakukumbuka.” Usikubali. Msamaha ule ni wako, na nafasi yako itakuwa imetumika kwa miaka minne. Gari likipita mikononi mwa asiyestahili, ushuru utadaiwa, na jina litakalokuwa kwenye nyaraka ni lako. Anayekuomba jina lako ili akwepe kodi amekuja kununua kitu kwako kwa bei ya bure. Huyo si rafiki.

Mambo yakiharibika

Muuzaji au fundi akiwapa kitu kisichofaa, msinyamaze kwa kuona haya. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza mfanyabiashara kusudi la ununuzi wake, na akategemea ujuzi wake, bidhaa kwa kawaida hutakiwa kufaa kwa kusudi hilo. Kwa sababu hiyo, kusudi liandikwe katika ankara au mkataba: “breki ya mkono kwa dereva asiyetumia miguu.” Maneno hayo machache yatawatetea kuliko maelezo ya saa nzima. Daini risiti ya EFD. Lalamikeni kwanza kwa muuzaji, kwa maandishi, mkieleza kasoro na mnachotaka: matengenezo, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Mkidanganywa kuhusu ubora au hali ya bidhaa, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Breki ikiwa na kasoro, chombo kisimame siku hiyohiyo. Hesabu ya siku moja haifanani na uhai.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Mwenzetu leo yuko barabarani kati ya Msamvu na Soko Kuu, na breki aliyoisimamia mwenyewe ikitengenezwa. Abiria humwuliza mara kwa mara, “Hii ya bosi gani?” Yeye hujibu neno moja, “Yangu,” na kadi iko nyumbani kwake, katika sanduku lake, kwa jina lake. Tungeweza kumpa neno hilo tangu siku ya pilau, kama tungemuuliza na kama tungeandika.



KABLA YA KUTOA FEDHA

1. Mwenye ulemavu amechagua mwenyewe aina ya chombo na marekebisho.
2. Ana kitambulisho cha Taifa na TIN kwa jina lake.
3. Gharama yote imeandikwa: bei, marekebisho, uhamisho wa umiliki, bima, leseni na akiba ya matengenezo.
4. Daftari la michango lina tarehe, kiasi, saini na kusudi la fedha.
5. Jumla ya marejesho ya mkopo au mkataba inajulikana, pamoja na masharti ya siku za ugonjwa na uharibifu.
6. Mdhamini ameandikiwa ukomo wa dhamana yake.
7. Breki imejaribiwa na dereva mwenyewe, kwa uzito na kwenye mteremko, kabla ya malipo ya mwisho.
8. Mkataba, risiti, kadi na bima vina jina la mwenye chombo.